Goli Linatazama Mlima

Hedaru, Jumapili jioni

Dada Honorata, shikamoo.

Sisi hatujambo, na mahindi yamekomaa.

Uwanja wa watoto umekamilika. Mpimaji alichora goli moja likiipa mgongo barabara kuu. Nikawaka mkutanoni. Mtendaji akasema, "Mwalimu Aminieli, ramani imeshapitishwa." Nikamjibu, "Ramani haitakimbilia mpira katikati ya malori!" Mama Tausi, muuza maandazi, akapaza sauti, "Mpeni jembe huyo, maneno yake tumeyashiba!" Watu wakacheka. Lakini Jumamosi pembe ilipopigwa, wote walikuja kwenye kazi ya pamoja ya msaragambo, Mama Tausi wa kwanza. Tuling'oa magoli yaliyokuwa yameshasimikwa, tukayageuza moja litazame mlima na jingine mashamba, tukapanda ua wa michongoma upande wa lami.

Dada, ule mpira alioukimbilia mwanao Loth siku lori lilipomgonga, niliupiga mimi. Hukunilaumu hata mara moja, ila tangu tumzike hujarudi nyumbani.

Leo mpira ulipaa juu ya goli ukaangukia shambani kwangu, nyuma yake. Watoto wakaufuata wakitembea, wanacheka, wakanivunjia mahindi mistari miwili. Sikuwagombeza, mgomvi kama nilivyo. Niliwaomba waupige tena.

Njoo Pasaka, ukae nami pale pembeni mwa uwanja.

Mdogo wako,
Aminieli