Shati la Mwalimu

Jumatatu, 4 Machi

Sura ya saba ya riwaya yangu imekwama. Mwalimu wangu kavua shati, kalikunja, kaliweka ukingoni mwa mto — halafu? Gazeti halisemi. Kile kipande nilichokikuta kimetandikwa kwenye droo ya nyuzi za Bibi kinaishia hapo: mwalimu katoweka, mwili haukuonekana, kaacha mke na binti wa miaka miwili. Miaka hamsini na nane, hakuna ajuaye. Nami nimejitia kujua!

Binti yule nilimtafuta nikampata. Mtu mzima sasa. Kapiga simu tena, anakuja Jumamosi nimsomee. Anataka tu kujua babake alilala wapi. Nikamwambia karibu. Mdomo uliponza kichwa!

Babu simwambii kitu mpaka nimalize. Kalamu yake nyekundu haina huruma.

Jumatano, 6 Machi

Nimemsomea Bibi sura akipiga pasi. Ujanani alikuwa dobi, nikajua atafurahi: nimebuni alama ya dobi ndani ya kola, uzi mwekundu, mishono miwili. Bila kuinua macho akasema si mwekundu, ni wa kijani. Mitatu.

Nilicheka. Kisha nikaacha.

Gazeti halikutaja alama yoyote. Nimelisoma mara tano.

Foronya imeungua. Bibi hajawahi kuunguza kitu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemwuliza waziwazi. Kafunga mlango kwanza. Ndiyo, alimfulia. Shati la mtoni alilipeleka yeye, limenyooka kwa pasi, ili watu waseme maji yamemchukua. Mwenye shati alikuwa akimsubiri stesheni.

Babu.

Babu yangu, anayesahihisha hata matangazo ya msiba! Aliyenifundisha kusoma! Nimekaa juu ya kapu la nguo chafu nikalia. Nina hasira naye, na bado nampenda.

Bibi kaniomba: kwenye kitabu nimuue tu, azikwe, yaishe. Na yule binti yake je? Nimpe kaburi la uongo akalilie? Nimempigia mara tatu asije. Hapatikani. Maji yamenifika shingoni.

Jumamosi, 9 Machi

Saa nne. Bibi hajatoka chumbani. Babu yuko sebuleni, shati jeupe. Nimejifanya namnyooshea kola, nikaigeuza. Kijani. Mitatu. Mpaka leo Bibi anamwekea alama!

Hodi. Sauti ya mwanamke.

Babu keshashika mkongojo. Ananiambia nisijisumbue, niendelee kuandika — atafungua yeye.