Giaboksi ya Chepseon

Kambi ya mafundi, Boito
14 Oktoba 1936

Kwako kaka yangu Kepher,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, wewe na shemeji Jerusa na watoto. Mimi ni mzima, isipokuwa vidole vimechubuka vibaya, kwa hiyo usinicheke mwandiko. Mguu wa Mama unaendeleaje? Mwambie asilime kabla haujapona, ingawa najua hatasikia.

Najua umekasirika. Jumatatu bila shaka ulisimama misheni kutwa ukiningoja nilete cheti changu cha shule, na Pasta akawa anauliza huyo mwalimu mpya yuko wapi. Sikuja. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujaichana barua hii.

Mwanzoni mwa mwezi trekta letu la zamani, lile la magurudumu ya chuma, lilikufa gia. Injini inanguruma vizuri, lakini ukiingiza gia ni meno kusagana tu, haliendi mbele wala nyuma. Mikokoteni ya ng'ombe haikutosha, majani ya chai yakaanza kuharibika kabla ya kufika kiwandani. Bwana msimamizi akamwambia Mzee Momanyi, fundi Mkisii anayenifundisha kazi, kwamba trekta lisipotembea kufikia Jumatatu jioni, afunge mizigo arudi kwao. Mzee ana miaka kumi na miwili hapa.

Alikumbuka trekta kama hilo lililoachwa nyasini karibu na Chepseon, injini imekufa lakini giaboksi nzima. Tuliifuata kwa mkokoteni, siku sita kwenda na kurudi, mvua mgongoni. Tulifika Ijumaa jioni. Kesho yake Mzee, ambaye ni Msabato, hakugusa hata spana, na mimi nikazunguka trekta kama kuku anayetafuta pa kutagia. Jumapili yeye akaanza kazi asubuhi, na mimi Mwanglikana nikakosa kanisa. Naomba hilo usimwambie Pasta.

Tulisimamisha nguzo tatu, tukafunga mnyororo, tukaitoa giaboksi mbovu na kuinua ile ya Chepseon. Shafti ikakataa kuingia kwenye klachi. Mzee akanionya nisilazimishe, nizungushe polepole kwa mkono huku nikisukuma kwa bega. Jumatatu saa sita mchana ikaingia. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Ikabaki gasketi ya kifuniko, ile karatasi ngumu inayokaa kati ya chuma na chuma ili mafuta yasivuje. Ya zamani ilikuwa imechanika vipande vipande. Mzee akaniuliza kama naweza kupata karatasi nene. Nikamwambia hakuna, ila cheti changu. Alinikataza, akasema karatasi ya shule haikatwi. Nikaikata. Nikatoboa matundu ya bolti, nikapaka grisi, tukafunga. Saa kumi na moja trekta lilipanda kilima likivuta matela mawili ya majani. Mzee alikaa chini kwenye tope akacheka huku machozi yanamtoka. Bwana msimamizi alitazama, akasema sawa, akaenda zake.

Kaka, ningeweza kumalizia hapo, nawe ungenisifu kwamba nimemwokoa mzee wa watu. Lakini nilidanganya. Stoo ya kiwanda, hatua mia mbili tu kutoka pale, imejaa karatasi nene za kutandika kwenye masanduku ya chai. Karani wake ni rafiki yangu, angenipa bila swali. Nilikata cheti kwa sababu kingekuwepo ningekuja kwako, ningeshika chaki, na ningehuzunika maisha yangu yote bila kukuambia. Wewe ulinisomesha kwa jasho lako. Sikuwa na mdomo wa kukukatalia. Nilikuogopa wewe kuliko bwana msimamizi.

Nataka kuwa fundi. Sasa nimesema. Jana, nilipoamua kukuandikia haya, nililala usingizi mzito, wa kwanza tangu uliponiandikia habari za ualimu. Mzee naye nimemweleza leo. Amenikaripia vikali, kisha akanikabidhi spana yake kubwa.

Nisalimie Mama, dada Aoko, na wote wanaoniulizia. Pasta akiuliza cheti kiko wapi, mwambie kimeanza kazi, na tangu Jumatatu hakijavujisha hata tone.

Ni mimi mdogo wako,
Joab