Ufunguo wa Kati ya Viti

Trollhättan, Jumapili, 29 Januari 2012

Kaka yangu Staffan,

Salamu nyingi kutoka kwangu, kutoka kwa Pontus, na kutoka kwa binti yetu Signe, ambaye ana miezi mitatu, meno hana, lakini anacheka kama mtu aliyeambiwa siri. U hali gani huko Göteborg? Kifua kimepona? Mara ya mwisho ulikohoa kwenye simu mpaka mtoto akaamka huku kwetu. Kunywa kitu cha moto, na usitoke kichwa wazi kama kawaida yako.

Sisi ni wazima. Theluji imefika kwenye kizingiti cha gereji. Na baba ni mzima, tena leo nakuandikia kwa ajili ya uzima wake huo, maana nilikwisha kuamini kwamba tunampoteza. Nina furaha, na mwandiko utauona ulivyo. Unajua shule na mimi tuliachana mapema, halafu huyu aliye kwenye goti langu anataka kula kalamu.

Ningekupigia simu, ila simu haibebi kilichomo kwenye bahasha hii. Najua umeshakipapasa. Kiache kwanza, usome.

Nianze na yaliyo mabaya ili tuyamalize. Habari za kiwanda chetu cha magari ulizisikia. Mashine zilisimama mwezi wa Aprili nikiwa kwenye zamu yangu, nafunga viti kama kila siku, mimba bado sijamwambia mtu. Msimamizi akasema vipuri vimechelewa, twende tukanywe kahawa. Tulirudi siku chache, tukasimama tena, na kahawa ile ndiyo tunayoinywa mpaka leo. Jumatatu ya wiki ile ya kabla ya Krismasi redio ikatangaza kwamba Saab imefilisika. Baba hakulia. Alizima redio, akachukua koleo, akaondoa theluji yote ya uani, akaingia na kwa jirani, akaondoa na yake.

Baada ya hapo akakaa. Kaka, alikaa kwenye kiti cha jikoni kama mzigo uliosahauliwa stesheni. Akaacha kunyoa, na hata supu ya njegere ya Alhamisi akaacha kula. Pontus, aliporudi Jumamosi kutoka kwenye ujenzi Norwe, alimtania, mzee Börje, ndevu hizo unamfugia nani, Krismasi si imeshapita? Baba akageukia dirisha. Akimwona Signe alimgusa unyayo tu, mara moja, kama mtu anayejaribu kama pasi ina moto.

Kisha ikaja habari kwamba hata magari ya makumbusho yatauzwa, yote, kwa yeyote mwenye dau. Lile jeusi la kwanza kabisa, na la kijani alilofanyia kazi babu, na yale ya mashindano. Hapo nikaogopa kweli. Kiwanda kufa ni msiba, lakini msiba una kaburi. Haya magari yakisambaa duniani, baba ataenda wapi kuzuru?

Sasa sikia, Staffan. Yamebaki. Yote yamebaki! Mji wetu umeshikana na wengine, wameyanunua, hayaendi popote. Nilisikia nikiwa nabadilisha nepi, nikakimbia jikoni na mtoto hajafungwa upande mmoja. Nikamwambia baba. Akaniuliza kama ni pamoja na lile la kijani. Nikamwambia na la kijani. Akainuka akaenda kunyoa. Nilimsikia akipiga mluzi bafuni, nikalia nikiwa nimeegemea friji.

Alitaka kwenda kuyaona siku ileile. La kwetu, lile Saab 900 jeusi la baba, unajua halitoki mpaka chumvi ya kuyeyusha theluji, inayokula mabati, ioshwe barabarani, hata paa la nyumba likiungua. Pontus yuko Norwe na gari letu. Mama mkwe alikuwa amekuja kumwona mjukuu, akasema chukueni langu. Na hilo lake, kaka yangu, ni Volvo, gari la wapinzani wetu wa huko kwenu Göteborg.

Nilidhani atakataa. Akavaa koti. Jirani alipomwona anafungua mlango wa dereva akamwita kutoka ng'ambo ya ua, Börje, umehama dini? Baba akamjibu kwamba hajahama, anakwenda kwa wapagani kuwahubiria. Mimi nikakaa nyuma na mtoto. Baba akafunga mkanda, akashusha mkono wa kulia katikati ya viti, akapapasa. Akapapasa tena, amekunja uso, anaangalia mbele kama dereva mwenye haraka zake. Mama mkwe alikuwa ameweka pale boksi la maandazi ya krimu. Mkono ukaibuka na krimu mpaka kwenye kifundo. Miaka thelathini na tisa mkono ule umekuta tundu la ufunguo pale, kama ilivyo kwenye magari yetu, ungejuaje kwamba watu wengine wanaliweka kwenye usukani? Akajilamba vidole, akasema angalau hawa wa Göteborg wanawasha gari kwa kitu kitamu. Staffan, alitaja Göteborg na akacheka. Nilihesabu miaka kumi na tatu tangu uende huko, hajalitaja jina hilo.

Makumbusho mlango ulikuwa bado umefungwa, lakini watu walikuwa wamejaa nje, pua kwenye vioo. Kina mama wa idara ya nyaya walikuwepo, na wazee wa idara ya rangi, watu ambao tangu Desemba tulikuwa tukipishana dukani bila kusalimiana, kana kwamba tuna aibu ya pamoja. Sasa wanakumbatiana. Mtu kaleta chupa ya kahawa inazunguka. Baba akamtoa Signe kwenye kigari, akamwinua mpaka kwenye kioo, akaanza kumsimulia. Mtoto wa miezi mitatu!

Alimsimulia yote, vilevile kama babu alivyotusimulia sisi. Kwamba vita vilikuwa vimekwisha na mafundi wa ndege hawana ndege za kutosha za kutengeneza, wakasema watengeneze gari, na wengi wao hata kuendesha hawajui. Ndiyo maana likatoka na umbo la bawa. Kwamba mabati ya lile la kwanza yaligongwa kwa nyundo juu ya mbolea ya farasi, na babu akisema gari letu limezaliwa kwenye mavi, haliwezi kuogopa tope. Yeye babu siku hiyo hakuwepo, lakini alivyosimulia ungedhani ndiye aliyemshika farasi. Kwamba yalipoanza kuuzwa yote yalikuwa ya kijani, na bibi aliuliza kama kuna rangi nyingine, akajibiwa ipo, kijani cha mwaka kesho. Kwamba ilibidi uchanganye oili na petroli, gari likapita linatoa moshi na mlio kama wa mtu anayekaanga bisi, watu wakacheka, na gari lilelile likaenda Monte Carlo likashinda, mwaka uliofuata likashinda tena, kicheko kikahamia kwetu.

Halafu akafika zamani zake mwenyewe, za injini zenye nguvu za turbo, sauti ikapanda. Wazee waliokuwa karibu wakaanza kumchochea. Mmoja akasema, mwambie mtoto jinsi ngozi ya shavu lako ilivyovutwa nyuma ulipokanyaga mafuta mara ya kwanza. Mwingine akasema Börje alikanyaga hapa akafunga breki mji wa pili, Vänersborg. Baba akasema madaktari na walimu kutoka nchi za mbali walikuwa wanasubiri miezi, watu wasiotaka gari kama la jirani, na yeye kule ukaguzi wa mwisho hakuwahi kuruhusu mlango unaolia. Nikatazama mikono yake imemshika Signe, nikafikiri, huyu mtu hajafa, alikuwa amezimwa tu.

Alipofika kwa Wamarekani, jinsi walivyonunua nusu, wakaja kununua na iliyobaki, akawa mfupi. Akasema walikuwa watu wazuri wa kuzungumza nao, ila walitaka gari letu lifanane na magari mengine, na kitu cha ajabu ukikinyoosha hakibaki kitu. Msafara wa magari tuliofanya miaka miwili iliyopita kuomba kiwanda kisifungwe hakuutaja, wala wanunuzi wa mwisho walioshindwa kukiokoa. Akamgeuza mtoto amwangalie usoni, akamwambia ndiyo hivyo, bibi mdogo, tuliruka juu sana kwa kitu kisicho na mabawa.

Tukiwa njiani kurudi nikaona hapa ndipo. Nikamwambia ubatizo wa Signe ni Jumapili ya tarehe ishirini na tisa Aprili, na msimamizi wake wa ubatizo nataka awe wewe, Staffan.

Alivuka daraja kwanza. Kisha akasema kwa upole, bila hasira, na upole huo ndio ulionichoma, kwamba hutakuja, kwamba mtu aliyeshindwa kusema kweli juu ya bampa la gari lililobonyea hawezi kusimama kanisani kumsemea mtoto.

Kaka yangu, sasa nisomee polepole.

Ni mimi. Lile bampa ni mimi niliyelibonyeza.

Ulirudi Jumamosi ile kutoka kwenye dansi, ukaegesha gari la baba uani ukaweka gia ya rivasi, maana ufunguo haukubali kutoka bila rivasi, ukautundika jikoni. Ulifanya kila kitu sawasawa. Asubuhi nikaamka kabla yenu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na miguu ya baridi, nikajua kuna kiti kinachopasha moto. Nikachukua ufunguo. Nikakisogeza kiti mbele nishike usukani kama baba. Nilitaka kuuzungusha kidogo tu kiti kipate moto, nikapitiliza. Klachi sikukanyaga, nilikuwa hata sijui kazi yake. Gari likaruka nyuma likapiga nguzo ya jiwe ya geti, likazima. Ufunguo ukatoka bila shida, maana rivasi ilikuwa palepale ulipoiacha. Nikautundika. Nikarudi kitandani na viatu vyangu.

Nilisikia kila neno jikoni. Nilisikia baba akikuita mwongo, na wewe ukiapa kwa mama yetu aliye kaburini, na yeye akisema usimguse mama na ufunguo wa gari usiuguse tena. Nilikuona dirishani ukiondoka na lile begi la mpira. Nikasema nitasema kesho. Kesho yangu ilichukua miaka kumi na tatu, na wewe miaka yote hiyo ukanitumia zawadi za kuzaliwa. Siombi unielewe. Naomba unisamehe, kama utaweza, na kama huwezi bado naomba ujue.

Nilimwambia baba tukiwa tumesimama uani, injini bado inaunguruma, mtoto amelala. Nilimwambia kama nilivyokuandikia, pamoja na viatu kitandani. Nilitegemea atapiga kelele. Akazima gari. Akasema anajua.

Anajua, Staffan. Jumatatu ile alipoingia kwenye gari kwenda kazini magoti yake yaligonga usukani. Wewe una miguu ya korongo, usingeweza kuendesha kiti kikiwa pale. Mkaguzi mzima, mtu anayesikia mlango ukilia ng'ambo ya ukumbi, alikaa na magoti yake kifuani akaelewa yote. Na wewe ulikuwa umeshaondoka, na maneno yalikuwa yameshatoka. Akaniambia alikirudisha kiti nyuma, akaenda kazini. Alingoja mimi niseme ili asiwe yeye wa kwanza. Mimi nilingoja yeye asahau. Akasema ndiyo maana bampa hakulitengeneza hata siku moja, ingawa kiwandani wangemtengenezea bure; alikuwa anajiambia kijana akirudi watalinyoosha wote wawili. Akasema magari yote yamebaki nyumbani na aliyefukuzwa ni mmoja tu, tena na yeye mwenyewe. Na yale aliyosema juu ya kanisa, akasema ni yeye asiyestahili kusimama pale, alikuwa anajisema yeye kwa jina lako.

Nikamwambia akuandikie. Akasema yeye anajua kuandika orodha ya kasoro za magari tu. Jioni akaja akaweka kitu mezani karibu na karatasi yangu, akasema weka humo. Nikamwambia baba, huu ndio pekee, ule mwingine ulipotea ziwani. Akasema anajua ni pekee. Akasema bila huo gari halitoki gereji, na binti huyu hapelekwi kanisani na Volvo hata askofu aje kulisukuma. Kisha akamchukua Signe kutoka mikononi mwangu, na mara hii hakugusa unyayo, akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika.

Basi sasa kitoe kwenye bahasha.

Kufikia siku ya ubatizo chumvi itakuwa imeoshwa. Mji umejaa watu wasio na kazi, na mimi ni mmoja wao, na sijui Pontus ataendelea na Norwe mpaka lini, lakini nakuapia sijawahi kuwa na matumaini kama wiki hii. Pontus anakusalimu, anasema ulete spana zako nzuri za huko. Mama mkwe anakusalimu bila kukujua. Signe amekutia mate hapo pembeni, lile doa ni lake. Baba hajasema nikusalimu, ila amepita nyuma yangu mara nne kuangalia nimefika wapi.

Mimi ni mdogo wako akupendaye, na anayekungoja,

Tove

Jambo moja. Gari lipo kwenye rivasi, kama ulivyoliacha. Kanyaga klachi kwanza.