Nilitia Sahihi ya Mahudhurio, Sasa Naitwa Mtetezi wa Makaa ya Mawe

Bi Muhiba mpendwa, shikamoo. Nakuandikia huku nina haraka na aibu kwa pamoja, maana kikao cha kutoa maoni kuhusu mgodi wa kwetu ni Jumamosi ya wiki ijayo, naomba unisaidie.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, naishi Njiru, na kazi yangu ni fundi wa sola, ninapanda juu ya mabati mwenyewe na mkanda kiunoni, na nasema hivi kwa kujidai kidogo kwa sababu nilipoanza, wateja wa mtaa wa Fedha walikuwa wakinifungulia geti na kuniuliza fundi mwenyewe anakuja saa ngapi, na leo hao hao hunipigia simu betri zao zikilala. Kwetu ni Ukambani, na chini ya mashamba yetu wanasema kuna makaa ya mawe. Nikiwa shule ya msingi walikuja watu wakachora namba nyekundu kwenye kuta za nyumba zetu, wakasema mgodi unakuja na kila boma litapata kazi, na baba yangu akaamini, akawa katibu wa kamati ya mgodi, na hiyo namba huipaka rangi upya mpaka leo, Bi Muhiba, kila mwaka kabla ya Krismasi, ili siku wakirudi wasije wakaipita nyumba yetu.

Sasa siasa imeingia. Mwakilishi wetu wa wadi anataka mgodi, mpinzani wake anataka ardhi hiyo hiyo ijazwe paneli za sola, na kamati ya bunge la kaunti inakuja kuchukua maoni ya wananchi. Kina mama wa kikundi cha bustani, ambao niliwafungia pampu ya sola kisimani na sasa wanauza sukuma wiki hata wakati wa kiangazi, waliniomba niwasemee kikaoni, nami nikakubali kwa moyo wote.

Balaa lilianza Jumapili moja hapa Njiru, kwenye mkutano wa watu wa kwetu tunaoishi Nairobi. Nilifika nimechelewa, nimetoka kazini moja kwa moja, karatasi ilikuwa inazungushwa kama kawaida, nikaandika jina, namba ya kitambulisho na sahihi, kwa sababu kwetu usipojiandikisha chai na mandazi vinakupita, na hakuna anayehangaika kusoma juu pameandikwa nini. Kumbe juu pameandikwa kwamba sisi wazawa tunaunga mkono mgodi. Mimi ni nambari kumi na nne.

Nilijua Jumatano, baba aliponipigia simu. Huniita Mwaitu, yaani mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. "Mwaitu," akasema, "leo nimesimama kwenye baraza la chifu nikasoma yale majina. Nimewaambia, hata binti yangu, fundi wa jua, yule hagusi waya wa mtu kabla hajaupima, naye ametia sahihi. Wamepiga makofi! Mimi, miaka yote hii ya kuchekwa na namba yangu ukutani, leo nimepigiwa makofi."

Nikajibu, "Sawa, baba."

Kaka yangu Musembi, ambaye ana watoto watatu na kazi yake ni kuchota mchanga mtoni, akachukua simu akaniambia, "Wewe jua limeshakupa kazi, sista. Niachie mimi makaa." Na siwezi kusema anakosea, maana niliwahi kufunga paneli kwenye shamba kubwa la sola, tulikuwa watu mia mbili, na kazi ilipokwisha walibaki kumi na mmoja wa kulinda na kufyeka nyasi. Elsie wa Mathare, ninayefanya naye kazi, ananiambia, "Wee Kalekye, kausha tu. Mzee ako na raha zake, mbona umharibie?" Lakini nikinyamaza, jina langu litawapinga wale kina mama. Na nikisema ukweli, baba ataonekana mwongo mbele ya watu walewale waliompigia makofi. Nifanye nini?

Kalekye, Njiru

BI MUHIBA ANAJIBU

Marahaba, Nambari Kumi na Nne. Ngoja kwanza nikugombeze. Mtu hagusi waya kabla ya kuupima, halafu anamwaga namba yake ya kitambulisho kwenye karatasi asiyoisoma, kisa mandazi! Na usiniambie mmezoea. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika jina kwenye daftari la rambirambi mtaani, nikaja kusikia eti naunga mkono soko letu lihamishwe. Tangu hapo nasoma kila kitu, hata karatasi iliyofungiwa karanga.

Lakini karatasi ni kosa dogo, mwanangu. Kubwa ni lile "Sawa, baba." Hilo ulilisema ukijua, na kila siku unayokaa kimya linazidi kuwa uongo. Elsie anakupenda, ila hapo amekupoteza.

Sasa sikiliza. Nenda nyumbani Alhamisi, kabla ya kikao. Usimalize jambo hili kwa simu. Mkae wawili, umwambie, "Baba, nilitia sahihi bila kusoma, kosa ni langu." Ukisema hivyo yeye hana uongo wowote, alisoma kilichoandikwa. Kisha umwombe jambo moja: yeye ndiye katibu, basi Jumamosi asimame yeye mwenyewe aseme jina la kumi na nne liondolewe, liliingia kwa makosa. Katibu anayesahihisha orodha yake hadharani haaibiki, anaaminika zaidi. Akikataa, andika barua yako kwa karani wa kamati ya bunge la kaunti, utaje jina na namba ya kitambulisho, udai nakala iliyopigwa muhuri. Lakini mpe yeye nafasi kwanza.

Na ile namba nyekundu ukutani usiifanyie mzaha, wala usimwambie aifute. Mzee ameilinda miaka yote hiyo kwa sababu alitaka ninyi watoto mpate kazi. Kama ni ukaidi, basi ni ukaidi wa baba mzuri.

Ukipewa nafasi ya kusema, usiende kuuza jua kama mtu anayeuza sabuni sokoni. Eleza kisima cha kina mama. Halafu eleza na wale kumi na mmoja waliobaki kati ya mia mbili, usiwafiche, maana Musembi yuko pale anasikiliza na ana watoto watatu. Taka iandikwe kwamba atakayepewa ardhi, awe wa makaa au wa jua, awafunze ufundi vijana wa hapo kabla hajachimba shimo la kwanza. Na wewe usingoje kaunti. Rudi Njiru na Musembi, umfunge mkanda kiunoni, umpandishe kwenye mabati. Akishindwa na urefu, angalau atakuwa amejaribu.

Unaogopa kumvunjia baba fahari yake. Hebu rudia barua yako uone aliwaambia nini watu wa baraza. Sahihi aliitaja mwisho. Alianza na "binti yangu", akaja "fundi wa jua", akaja "yule hagusi waya wa mtu kabla hajaupima". Karatasi yenye majina hata jirani yake angeweza kuisoma, lakini pale barazani baba wa fundi alikuwa mmoja tu, na Jumamosi, mkikubaliana au mkipingana, bado atakuwa ni yeye.