Leseni ya Kuvuta Trela Hadi Kehancha

Homa Bay, Jumapili, Machi 2025. Mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke Kehancha, na mwezi wa tano tangu tukuzike.

Chacha, rafiki yangu,

Boke amepata leseni. Si ile ya magari madogo uliyokuwa nayo wewe. Binti yako amepata ya magari makubwa yanayovuta trela. Juzi alikuja hapa kwangu kunionyesha, amevaa koti lako la ngozi ingawa jua lilikuwa kali. Nilimpa kiti, hakukaa. "Baba," akasema, "trela ina namba yake, ina bima yake, breki zimekaguliwa, taa zinawaka. Na mimi mwenyewe nimepita. Sasa niambie, tunapakia lini?"

Nitakuambia nilichomjibu, lakini si sasa hivi. Acha kwanza nizungumze nawe kidogo.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu hatukuwahi kuwa na lugha nyingine. Kikuria changu kiliishia kwenye salamu, bei ya ng'ombe na neno Mura, yaani kijana, nililokuitia. Kijaluo chako, ukitoa lile neno Jaduong', yaani mzee, kilikuwa cha matusi tu, ulichofunzwa na makanga wa matatu wa Suna, na ulikitumia hata mbele ya shemeji zangu. Tangu ufe sijapata mtu wa kuongea naye Kiswahili kile chetu, kilichojaa makosa yetu wenyewe.

Hapa Homa Bay ni nyumbani kwa babu yangu, nami nimezaliwa Kehancha. Binamu zangu walinipa pembe ya shamba lao nilipofika na mke wangu bila kitu, na sina lawama juu yao. Lakini mpaka leo, nikipita sokoni, nawasikia wakielekezana: yule mzee wa kutoka kwa Wakuria. Wanasema bila ubaya. Ndiyo alama yangu tu, kama vile mtu mwingine anavyoitwa mrefu.

Usiku ule wa mapigano, nyumba za sisi Wajaluo zilipochomwa, ulituficha kwenye banda lako la kukaushia tumbaku. Mke wangu alisema mpaka uzeeni kwamba harufu ya majani yale haikuwahi kutoka kwenye leso yake. Nilidhani tungekaa Homa Bay mpaka mavuno. Wewe ukaizungushia ploti yangu ua, ukaipalilia, ukamfukuza kila aliyeulizia kama inauzwa. Ukinipigia simu hukuanza na salamu. "Jaduong', nyasi zako zimefika magotini. Njoo ukate mwenyewe, mimi si mfanyakazi wako."

Mke wangu alipofariki ndipo nilipokubali kurudi.

Tulipanga vizuri. Mashine yangu ya kusaga, injini yake ya dizeli, mabati, milango na masanduku yangu ya vitabu vingekuja kwa safari moja. Mzee mwenye mashine ya kusaga haombi unga kwa mtu, ulisema. Ukaenda Masara kwa wachimba dhahabu, ukanunua trela iliyokuwa ikibeba mawe yao, chuma kizito cha ekseli mbili, ukanitumia picha yake umesimama juu kama chifu. Pikapu yako ilikuwepo. Leseni ya pikapu ulikuwa nayo tangu ujana.

Hapo ndipo mimi, mtu wa kusoma kila kitu mpaka maandishi madogo ya chini, nilipokuambia kwamba leseni ile haitoshi. Inaruhusu gari dogo na trela nyepesi. Uzito wa trela hauhesabiwi ikiwa tupu, unahesabiwa pamoja na mzigo wake, na mzigo wetu ulikuwa chuma juu ya chuma. Tena ulikuwa umeshawaahidi akina mama wa soko la kwenu kuwabebea ndizi zao mpaka Homa Bay kwa malipo, ili usije mtupu. Hiyo ni kazi ya biashara, nikakuambia. Likitokea lolote njiani, bima itauliza kwanza leseni ya dereva, na jibu lako litatuacha barabarani.

Ulicheka sana. "Trela haina injini. Haina usukani. Haina hata honi! Leseni ya nini? Ng'ombe wangu wamevuta mkokoteni maisha yao yote, nani amewapeleka mtihani?"

Nikakuambia polisi wa kizuizi cha Rodi hataihoji trela, atakuhoji wewe. Nikakuambia pia lile lililonitia hofu kweli: kwamba trela nzito isiyo na breki zake huisukuma pikapu kwenye mteremko, na dereva hugundua akiwa katikati. Sikutaka kufika Kehancha juu ya maiti yako. Ukasema, "Sawa, Mwalimu. Nitarudi shule."

Na kweli ulirudi. Boke ameniambia mambo uliyonificha. Kwamba ulikaa dawatini na vijana wa kutaka kazi za lori. Kwamba mkufunzi alikupa gari la kuchezea ulisukume kwenye ubao uliochorwa mji, na ulipofika kwenye mzunguko ukaingia upande usio wako, ukamwambia kwamba Kehancha hakuna mzunguko na ng'ombe ndio hupita kwanza. Kwamba ulipotoka na lori la mafunzo lenye alama ya L nyekundu mgongoni, akina mama walewale wa ndizi walisimama wakakupigia vigelegele: "Mzee ameanza nasari! Mnunulieni uji!" Nawe ukawapungia mkono kama mtu anayegombea kiti. Jioni Boke alikuwa akikusomea maswali ya barabarani, na kwa kukusomea akayajua yote yeye mwenyewe.

Kisha ikaja zamu ya daktari. Anayetaka leseni ile lazima apimwe macho na mwili, na daktari atie sahihi. Macho yako yalikuwa mazuri. Presha haikuwa. Daktari akakataa kutia sahihi, akakupa dawa, akakuambia urudi baadaye. Uliniambia kwenye simu kama kitu cha kuchekesha: "Jaduong', wanataka moyo wangu upunguze mwendo kabla ya kunipa gari."

Ulirudi, akakataa tena. Ulikuwa bado unasubiri sahihi ile siku ulipoanguka shambani, tumbaku iko mikononi.

Baadhi ya watu wa kwenu waliniambia, kwa upole, kwamba kama ungekuja tu na leseni yako ya zamani, ningekuwa nyumbani zamani na wewe ungeniona nimefika. Huenda. Nimelifikiria hilo asubuhi nyingi. Bado naamini nilikuambia kweli. Barabara ile ina milima, na trela ile ingekuua. Nilikuwa sahihi, Chacha, na kuwa sahihi hakunisaidii kitu. Umekufa ukiwa umetii sheria, na mzigo bado uko kwangu.

Nilikuja kukuzika. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuikanyaga Kehancha tangu usiku ule. Nilikaa kwenye hema nikisubiri mtu aniite kwa jina. Waliokuwa wakinijua wengi wako chini ya ardhi, na vijana wao ni wazee sasa. Ilipofika zamu yangu ya kusema, mwenye kipaza sauti, kijana mwenye adabu, alitangaza: "Tumkaribishe mgeni wetu kutoka Homa Bay." Watu wakapiga makofi. Walinipigia makofi, mimi, mita chache kutoka mahali nilipozaliwa.

Sikumbuki nilisema nini.

Baadaye nilitembea mpaka kwenye ploti yangu. Ua umenyooka, nyasi zimekatwa, mahindi yamesimama kwa mistari. Nikamuuliza mama aliyekuwa akipita pale ni kwa nani. "Kwa Chacha," akasema, akaendelea na safari yake. Hakukosea. Nilishika ule ua nikaelewa kwamba kwa miaka yote hiyo nyumba yangu ya Kehancha ilikuwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Wewe tu ndiwe uliyekuwa ukijua kwamba mimi ni jirani. Sasa hakuna anayejua.

Kwa hiyo Boke aliposimama hapa juzi na kuniuliza tunapakia lini, nilimwambia hatupakii. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa maneno machache, kwa sababu ningeongeza mengi ningelia.

Alinikasirikia, na alikuwa na haki. "Baba yangu alikuwa anatoka darasani shati limelowa jasho," akasema. "Mzee wa umri wake, anachekwa barabarani, kwa ajili yako. Mimi nimeacha kazi miezi, nimejifunza kurudisha trela nyuma mpaka shingo ikauma. Sasa kila kitu kiko sawa, ndiyo unasema hutaki?" Nikamwambia ndiyo, mwanangu, kila kitu kiko sawa, isipokuwa aliyekuwa ananisubiri. Alikaa kitini hatimaye.

Sikumwacha aondoke mikono mitupu. Nilimwambia mbele ya binamu zangu kwamba mashine ya kusaga ni yake, pamoja na ploti. Jumamosi ijayo atakuja na trela. Tutaufunga mzigo kwa minyororo, uzito mwingi ukae juu ya ekseli, naye ataivuta polepole kupitia Rodi na Rongo mpaka Suna, na kutoka Suna mpaka kwenu. Polisi wakimsimamisha, atatoa karatasi zake zote na watampisha. Hilo ndilo wewe na mimi tulilotaka, isipokuwa kiti cha pembeni kitakuwa kitupu.

Nakuahidi kwamba kabla hajaondoka nitamfundisha kubadilisha chekeche, kusikiliza injini inapodai mafuta, na kutokubali mahindi mabichi hata kwa shangazi yake. Nikiwa hai nitampigia simu kila msimu, na sitaanza na salamu.

Pumzika, Mura. Ulinilindia mahali kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote anavyopaswa kulindiwa. Acha ua sasa. Mimi sitarudi Kehancha.