Kumwambia Stefano Habari ya Piano

Isingiro, Karagwe

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Najua baridi ya Lushoto mwezi huu haina huruma, nakuomba usishuke mtoni mwenyewe, mtume mdogo wangu Sifa. Sisi tunapumua. Migomba imezaa, chakula kipo, ila sabuni na mafuta ya taa ni vya kutafuta.

Mama, ile piano imekufa.

Uliiona kwenye picha ya harusi: ile kubwa ya kulala, yenye miguu mitatu, ambayo mmishenari mzee alimwachia mkweo Stefano aliporudi kwao. Imejaza sebule nzima, wageni tunawapokea jikoni. Tangu niolewe kazi yangu ni kuilinda. Mvua ikigonga mabati nakimbilia turubai kabla ya kuanua nguo. Panya walitafuna sufu ya vinyundo vyake, Stefano akakata kofia yake ya harusi akaibandika. Mchwa walipanda mguu mmoja, tukaupaka oili chafu.

Kila Jumamosi alikaza nyuzi kwa spana, nami nikimsikilizia. Sikukuandikia hili, Mama: masikio ya Stefano yameisha. Kwanza aliacha kusikia ndege, kisha watoto, sasa hata mimi. Kwaya aliyokuwa akiiongoza wamempa mtu mwingine. Alibakiwa na piano tu. Nilikuwa nasimama mbele yake nikimwonyesha kwa kidole: juu, juu kidogo, hapo basi. Mwaka huu sikujua tena nimwonyeshe nini. Uzi akiukaza, unalegea kabla hajashika mwingine.

Juzi tukamleta fundi kutoka Bukoba. Aliifungua, akachungulia ndani, akanivuta pembeni.

"Mama, ubao unaoshika misumari ya nyuzi umepasuka wote. Hii haitengenezeki. Mwambie mzee taratibu."

Taratibu! Kumwandikia hakusaidii, miwani yake ilivunjika zamani.

Fundi alipoondoka Stefano akaniuliza, "Kasemaje?"

Nikamwambia. Hakusikia. Nikapaza sauti. Akaniinamia, akatega sikio. Basi nikapiga kelele, Mama, kama mtu anayeita ng'ombe waliopotea, nikimwambia mume wangu kwamba piano yake imekufa. Wanawake waliobeba ndizi walisimama barabarani. Jirani yetu mfugaji akaja mbio na fimbo yake.

"Mama Yohana, kuna msiba?"

Stefano alikuwa ananitazama, uso umembadilika.

"Nimesikia kufa," akasema. "Nani amekufa?"

Sikuwa na sauti nyingine. Nilimshika mkono nikauweka juu ya piano. Akaniuliza, "Kabisa?" Nikaitikia kwa kichwa.

Tangu hapo hali vizuri, hasemi, sebuleni haingii. Seremala amekuja mara mbili kuulizia mbao za piano, nami nimemfukuza mara mbili, sijui hata kwa nini. Nilizoea kuwa masikio yake. Sasa hakuna anachotaka nimsikilizie.

Nisalimie mjomba Yona mlinzi wa kanisa, na shangazi Rebeka aliyenilea. Wifi Neema, mke wa kaka, mwambie nguo za mtoto zilifika, zimemtosha. Wote waambie Stefano anawasalimu. Hajasema hivyo, lakini waambie.

Mwanao,
Eliwaza