Namba Yangu Ina Jina la Mtani Niliyempiga

Mshauri wa gazeti, nakusalimu. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, wajukuu walitaka kuniandikia nikakataa, mimi nilisoma darasa la nne la zamani ambalo ni sawa na fomu foo ya siku hizi, kwa hiyo ukikuta nukta hakuna usinilaumu, mambo yenyewe hayana mahali pa kupumzikia. Naitwa Melkiori wa Mchombe, mkulima wa mpunga, na jina liandike lote, mimi sijifichi.

Shida yangu ni namba ya simu. Mimi ndiye mtu wa kwanza kijijini kwetu kumiliki simu, muulize yeyote, watu walikuwa wanatembea kutoka ng'ambo ya mto kuja kupigiwa kwangu, na namba ile nimekaa nayo miaka kumi na sita haijabadilika hata tarakimu moja. Sasa kile kipindi serikali iliposema laini zote zisajiliwe kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, mimi kitambulisho sikuwa nacho, kwa sababu walipokuja kuandikisha nilikuwa shambani juu ya dungu naamia ndege, na mpunga ulikuwa umeshaanza kuinamisha vichwa, ningeshuka nikapange foleni mchana kutwa ndege wale wangenimaliza. Nikasema serikali inanijua, itanifuata. Haikunifuata. Siku za mwisho laini zinataka kufungwa, binamu yangu Valentino wa Michenga, mtoto wa shangazi yangu, akasema lete hapa nikuwekee kidole changu, tutakuja kurekebisha. Akaweka. Kitambulisho nilikuja kukipata baadaye, kizuri tu kina picha, lakini kurekebisha laini hatukurekebisha, sikuona haja, simu si inaita.

Mwaka jana mwezi wa nane mke wangu Yosefina akafariki. Tuliishi miaka arobaini na mbili. Sitaandika mengi hapo.

Kwenye mazishi Valentino alikuja. Unajua binamu ni mtani, na mtani msibani ana kazi yake, hilo nalijua, mimi mwenyewe nimewatania wafiwa wengi mpaka wakasahau kulia, hakuna aliyenizidi bonde hili lote. Lakini Valentino akavaa kitenge cha marehemu na kilemba chake, akaenda kusimama kwenye ukingo wa kaburi, akaigiza sauti ya Yosefina akisema, "Jamani wachimbaji, ongezeni kina, ongezeni kina, Melkiori asije akanifikia huku na majigambo yake!" Watu wote wakacheka, hata katekista aliinamisha uso kwenye kitabu mabega yanamtikisika. Mimi sijui nini kilinipata, sauti ilikuwa ni yake kabisa, nikamchapa Valentino fimbo ya mgongo, ya pili ikampata mkononi, nikamwambia atoke na asikanyage tena kwangu. Akavua kile kitenge, akakikunja vizuri, akamkabidhi dada yangu Kandida, akaondoka bila kula. Tangu siku hiyo sijamsemesha.

Sasa mwezi wa kwanza nikiwa shambani simu ikachomoka mfukoni ikazama kwenye tope, tumepapasa siku mbili hatujaiona. Nikapanda basi mpaka Ifakara kwenye ofisi ya simu. Binti wa pale ana heshima, akasema, "Shikamoo babu, weka kidole hapa." Nikaweka. Akasema kinakataa. Nikamwambia kidole hiki kimelima tangu mama yako hajazaliwa, kama kimefutika jaribu kingine, nikampa vyote kumi.

Akasema, "Babu, tatizo siyo kidole. Laini hii ina jina la mtu mwingine. Valentino ni nani yako?"

Nikasema siyo mtu wangu.

Akasema, "Basi babu, na namba siyo yako."

Akanieleza kuwa mwenye jina aje yeye mwenyewe, na kwamba namba ikikaa muda mrefu haitumiki, inaweza kuchukuliwa akapewa mtu mwingine kabisa. Nikamwambia anipe tu laini mpya basi, akanipa, nikaiweka kwenye simu mpya, lakini laini hiyo hainisaidii na nitakwambia kwa nini.

Nina mtoto anaitwa Beno, kitinda mimba wetu, yuko machimboni, leo Chunya kesho kwingine, mwaka wa sita huu. Hana simu ya kudumu. Anapiga mara moja kwa mwaka, Pasaka, baada ya misa, kwa simu ya kuazima, na namba hii ameishika kichwani tangu yuko shule. Pasaka iliyopita alipiga, akaongea na mama yake mpaka salio la mwenye simu likaisha. Yosefina alipofariki tulipiga ile namba aliyoazima, tukaambiwa Beno alishahama, hajulikani alipo. Tulituma salamu kwa watu wawili wanaokwenda huko, hazikufika. Beno hajui kama mama yake amekufa. Pasaka hii atapiga, ataomba apewe mama, na simu itapokelewa na mtu asiyemjua au haitapokelewa.

Jamaa mmoja tuliyekutana stendi kanipa njia. Anasema niandike barua kwamba Valentino amefariki, mimi ndiye ndugu yake, mtendaji aigonge muhuri, nipeleke ofisini, namba ihamie kwangu. Barua nimeshaiandika, mwandiko umetulia kuliko huu, imebaki muhuri tu. Dada yangu Kandida anasema ni dhambi. Mimi namwambia Valentino ni mtani wangu, na mtani kumwita marehemu si neno, ni utani wa kawaida. Kwenda kumbembeleza siwezi, mimi ni mkubwa kwake kwa miaka mitatu, na aliyekosa ni yeye.

Nataka uniambie tu kama barua hiyo itapokelewa, na kama kuna njia nyingine ya kuhamisha namba bila kumhusisha huyo mtu.

Ni mimi Melkiori, Mchombe.

JIBU

Mzee Melkiori, shikamoo. Na pole sana kwa kuondokewa na mama Yosefina. Jina la ukoo ulilotaka liandikwe nimelikata, utanisamehe, kuna watoto wako wanaosoma gazeti hili.

Shikamoo nimeshatoa, sasa nisikilize.

Swali lako la kwanza: sijui kama barua itapokelewa, na sitaki ujue. Kumwandika mtu hai kuwa amekufa, ukampelekea mtendaji agonge muhuri, hilo ni kosa la kukupeleka mahakamani wewe na mtendaji wako, na yule jamaa wa stendi hutamwona siku hiyo. Ichane leo. Usiiweke hata kama kumbukumbu ya mwandiko.

Unasema ni utani. Mzee wangu, utani una uso. Mtani anasimama mbele yako, mbele ya watu, anasema neno lake, na wewe unamjibu. Valentino alifanya hivyo kwenye kaburi la mkeo, kazi ambayo wewe mwenyewe unakiri umeifanya kwenye misiba ya wenzako na ukasifiwa. Zamu yako ilipofika ukashika fimbo. Halafu leo mtani huyohuyo unataka kumzika kwa karatasi, yeye yuko Michenga anapalilia, hana habari. Wewe uliyeukataa utani hadharani unataka kuutumia kwa siri. Haiwi hivyo.

Nakuelewa kwa jambo moja. Ulisikia sauti ya mkeo siku ambayo ulikuwa umeshakubali kwamba hutaisikia tena. Mtu yeyote angetikisika. Lakini kutikisika ni kitu kimoja na fimbo mbili ni kitu kingine, na kumwacha mtu miezi saba bila kumwambia neno ni kitu cha tatu. Kwa hiyo usiniambie aliyekosa ni yeye. Uliyekosa ni wewe, tena kwa mtu aliyekuazima kidole chake wakati wewe unafukuza ndege.

Swali lako la pili: njia ya kuhamisha namba bila yeye hakuna. Binti wa ofisini alikwambia sawasawa. Kwa kumbukumbu zao laini ni ya Valentino, na ni vizuri iwe hivyo, maana kama mzee wa Mchombe angeweza kuchukua namba ya mwenzake kwa maneno matupu, basi mwizi angeweza zaidi.

Fanya hivi. Mtangulize dada yako Kandida aende Michenga, maana yeye ndiye aliyepokea kile kitenge na Valentino atamsikiliza. Aseme unakuja. Siku ya pili uende wewe, na kuku mkononi, au chochote ambacho ninyi wenyewe mnajua hupelekwa kwa mtani aliyevunjiwa heshima msibani. Umri wa miaka mitatu uuache nyumbani. Ukifika usianze na habari ya simu. Anza na fimbo. Sema, "Binamu, nilikupiga, nimekosa," uishie hapo, usiongeze "lakini." Akikutania, na atakutania sana, vumilia mpaka amalize.

Ndipo umweleze habari za Beno. Ninavyomwona huyo Valentino, mtu aliyefukuzwa msibani akakunja kitenge kabla ya kuondoka, hatakataa. Mwende wote wawili ofisini Ifakara na vitambulisho vyenu. Yeye aweke kidole namba irudi hewani kwanza, kisha mwombe umiliki uhamishiwe kwa jina lako, na wewe uweke cha kwako. Ulizeni kama yote yanamalizika siku moja, msikisie. Na msingoje Juma Kuu, kwa sababu Ijumaa ile mtakuta mlango umefungwa.

Je, akikataa kukuhamishia? Mwombe jambo dogo zaidi: airudishe laini kwa kidole chake, aiweke kwenye simu yake, na Jumapili ya Pasaka asiizime. Ndiyo, katika hali hiyo Beno ataupata msiba wa mama yake kutoka kinywani mwa Valentino. Najua neno hilo linakuuma, nami nimeliandika makusudi. Ni afadhali mtoto aambiwe na mtu uliyempiga kuliko asiambiwe na mtu yeyote. Lakini kama unataka aambiwe na baba yake, gharama yake ni safari moja ya Michenga na sentensi moja, na siku zimebaki chache.

Mwisho, kuhusu simu yenyewe itakapoita. Usimgombeze Beno kwa kupotea, wala usimsimulie uliyopitia kuipata namba, hayo atayasikia mwaka ujao. Muulize kwanza yuko wapi na yuko na nani. Hakikisha hayuko peke yake. Mwambie mama amefariki, mtajie tarehe na mahali alipozikwa. Mwombe jina na namba ya mwenye simu, uiandike palepale. Kisha nyamaza, mzee wangu. Atalia, nawe mwache alie, usikate simu.